Mada ya Kupumua

Marashi ya waridi yalianza kunukia nyuma ya pazia mchana wa Jumanne, katika nyumba ambayo mwenyewe, Beldina, hujipaka mafuta ya mgando tu na kukimbilia kazi kiwandani. Binti yake Mitchelle hakujali. Mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa kwanza aliyeanguka fiziolojia, somo la jinsi mwili unavyofanya kazi, hana pua. Ana mtihani wa marudio tu. Akianguka tena angefukuzwa chuo, na mtaa mzima wa Mowlem ulikuwa umeshaanza kumwita daktari.

Tatizo lake lilikuwa kukariri. Alimeza vitabu kama dawa ya minyoo, lakini akiulizwa "kwa nini?" anarudia sentensi ile ile ya kitabu. Kikundi chao cha kusoma kilikuwa na sheria: ukifundishwa mada moja, nawe ufundishe moja. Mitchelle hakuwa na la kufundisha, wakamtoa. Basi akawa anajisomea kwa sauti, akizunguka chumbani.

"Neva haipeleki ujumbe kama bomba linavyopeleka maji," sauti ya upole ilisema nyuma ya pazia. "Hebu rudia."

Mwenye akili angekimbia. Mitchelle alirudia.

Kwa mara ya kwanza alielewa, akafurahi hadi machozi, na kwa mazoea ya kikundi akatamka: "Asante. Nikipita, na mimi nitakufundisha moja."

Alipita, tena vizuri. Siku ya matokeo pazia lilicheza na madirisha yamefungwa.

"Zamu yangu," sauti ikasema. "Mimi sina mwili. Nifundishe kupumua."

Alifundisha: msuli ulio chini ya mapafu unashuka, kifua kinapanuka, hewa inaingia, na ubongo unayafanya hayo yote bila kukuuliza. Sauti ilirudia neno kwa neno, kila mara karibu zaidi, shingoni, kisha kooni, hadi Mitchelle alipotaka kumwita mamake akagundua kwamba kifua chake kinapanda na kushuka lakini si yeye anayekipandisha, na kwamba kila akijaribu kuvuta pumzi yake mwenyewe anakuta kuna mwingine ameshaivuta.

"Mum," Mitchelle alinong'ona Beldina alipofika kutoka kazini, na pumzi yake ilinukia waridi. "Si mimi napumua."

Beldina alimpigia simu Pasta Wasike wa kanisa lao, naye akaja mbio.

"Jini, toka kwa jina la Yesu!"

Likatoka. Kifua cha Mitchelle kikasimama. Midomo ikageuka rangi ya majivu, na macho yake yakamkazia mamake. Alikuwa humo ndani, mzima, akingoja hewa ambayo mwili wake haukujua tena kuivuta.

"Pasta, ngoja!"

"Usitishwe, mama. Hizo ni njama zake."

"Mtoto wangu hapumui!"

Beldina, mwimbaji wa kwaya tangu usichana, alipiga magoti mbele ya pazia. Aliona aibu, lakini hofu ilimzidi.

"Rudi," alinong'ona. "Tafadhali, rudi."

Kifua kikainuka. Pasta alichukua Biblia yake akatoka bila kuaga. Mitchelle alimshika mamake mkono, machozi yakimtiririka, huku midomo yake ikifunguka yenyewe, kwa adabu ya mwanafunzi mzuri.

"Asante, mama. Kesho binti yako atanifundisha moyo."