Sauti ya Kuuzia Vitenge

Najma alikuwa anatangaza vitenge vya waksi kipaza sauti kilipozima. Saa nne asubuhi Mtaa wa Kongo ulikuwa umefurika wanawake wa mikoani waliofuata mzigo, na wapagazi wakipiga kelele wapishwe. Yeye alikuwa juu ya stuli mbele ya duka la Mama Jasvanti, gauni la kitenge cha njano limemkaa sawasawa, kilemba kirefu, mdomo wazi, na sauti haitoki. Aliteremka, akaufuata waya kwa macho mpaka kwenye nguzo. Plagi yake ilikuwa imechomolewa na kutupwa sakafuni. Mahali pake palikuwa na plagi ya mtu mwingine.

Mwenyewe aliketi nyuma ya meza ya kioo, fundi simu mgeni, shati jeupe limenyooka kama la karani wa benki.

"Wewe! Nani amekwambia uchomoe?"

"Dada, nimekuomba mara tatu upunguze. Nina spika ya mteja hapa, nashindwa kujua kama inakwaruza yenyewe au ni wewe."

"Ni mimi! Miaka tisa nakwaruza hapa, ndiyo maana duka linauza. Wewe una siku ngapi hapa?"

"Ya pili."

"Basi ya tatu hutaiona."

Aliiona ya tatu, na ya nne pia. Jina lake lilikuwa Kitwana, na aibu hakuwa nayo. Jioni ile Najma, akiwa kwao Buguruni anachambua mchele, alikumbuka namba ya simu ya Kitwana iliyobandikwa kwenye kioo cha meza yake. Alikuwa ameipiga picha kwa makusudi. Akamtumia ujumbe wa sauti wa dakika mbili, matusi matupu yasiyo na hata tusi moja la kumwaibisha mama wa mtu. Jibu lilikuja kwa maandishi: "Nimekusikia. Kesho uje na stuli ndefu zaidi, sijakuona vizuri."

Ndivyo ilivyoanza. Mchana Kitwana anachomoa, Najma anashuka kwenye stuli. Jioni Najma anamtumia ujumbe wa sauti wa kumkoromea, na asipotuma, simu inaita.

"Mpenzi, leo hujanitukana. Unaumwa?"

"Nani mpenzi wako? Unikome!"

"Haya, sasa nitalala vizuri."

Miezi saba ilipita hivyo. Najma alimpenda mpaka akawa anajichukia, na neno hilo hakulitamka hata siku moja. Alidhani muda upo.

Muda haukuwapo. Koo lililokuwa likikwaruza, ambalo alilisingizia vumbi la Kariakoo, daktari alilichunguza. Kulikuwa na uvimbe mbaya. Ili apone, kisanduku chote cha sauti kitolewe, na kitolewe ndani ya siku kumi na mbili. Baada ya hapo atapumulia tundu la shingoni, na hatasema tena.

Kazi angepata nyingine. Kilichomtoa machozi ni mama yake. Mama yake alikuwa haoni, mwaka wa sita huo. Hawezi kusoma maandishi, hawezi kuona ishara. Mwanawe kwake ni sauti tu: sauti inayomsalimia asubuhi, inayomwambia mahali pa kukanyaga. Sauti ikiondoka, mama atabaki na nani ndani ya chumba kile?

"Kuna programu," Kitwana alimwambia, safari hii bila utani. "Unaisomea sentensi mia moja na hamsini. Ukishatolewa koo, unaandika, simu inasema kwa sauti yako."

"Sauti yangu kweli?"

"Yako kabisa."

Programu ilitaka pasiwe na kelele, na Kariakoo pa hivyo hakuna. Mama Jasvanti akawapa ufunguo wa stoo yake ya juu, iliyojaa majora ya vitenge hadi darini. Nguo zilimeza kelele zote za mtaa. Najma alikaa juu ya robota, akaishika simu karibu na mdomo, akainua kidevu.

"Kesho nitaamka mapema!" alisoma, akaivuta ile "mapema" hadi juu, kama anaita wateja wa ng'ambo ya barabara.

Kitwana akakuna kichwa. "Najma, soma kama unavyonigombeza."

"Unaona huu ni wakati wa mzaha?"

"Sifanyi mzaha. Soma kawaida, kama uko nyumbani."

"Nimeshika kipaza sauti miaka tisa, leo fundi simu unifundishe kusema? Bonyeza hapo!"

Akabonyeza. Najma hakujua, na nani angemwambia, kwamba kila akishika kitu mbele ya mdomo koo lake lilivaa sauti ya kazi lenyewe. Kufika sentensi ya tisini alikuwa anatema damu kwenye leso, machozi yanamtiririka, na bado anasoma. Kitwana aliendelea kubonyeza tu. Alipomaliza, Najma aliuliza kwa kunong'ona, "Imetoka vizuri?"

"Imetoka vizuri."

Programu ilihitaji siku nzima kuitengeneza sauti, na kesho yake Najma alikuwa ameshaingizwa chumba cha upasuaji kabla hajaisikia.

Siku ya nne baada ya upasuaji, jirani yao Brightness alimleta mama wodini, amemshika mkono. Najma alikuwa ameingojea saa hiyo kuliko dawa. Aliandika taratibu: Shikamoo mama. Niko hapa, usiogope. Akabonyeza.

"Shikamooo mama! Niko hapaaa! Usiogopee!"

Wodi nzima ilicheka. Mgonjwa mmoja aliuliza mzigo umeshushwa lini. Mama akaurudisha mkono wake kifuani.

"Nani huyu? Nimeletwa kumwona mwanangu, sikuletwa sokoni. Najma yuko wapi?"

Ikabidi Brightness auchukue ule mkono na kuuweka juu ya uso wa Najma, na mama alipopapasa akakuta uso umelowa.

Kitwana alikuja jioni. Najma alimtolea daftari kabla hajaketi.

*Ulisikia ninavyosoma kama nauza?*

"Nilisikia."

*Kuanzia lini?*

"Sentensi ya kwanza."

*Ukaniambia imetoka vizuri.*

"Ulikuwa unatema damu, Najma. Ningekwambia urudie kwa moyo gani?"

*Ungeniambia! Nilikuwa na koo bado. Sasa nirudie kwa koo lipi?* Kalamu ilitoboa karatasi. Akauchana ule ukurasa, akamtupia kifuani, akageukia ukutani. Usiku huohuo akaifungia namba ya Kitwana isimfikie tena.

Wiki sita alikaa Buguruni, dera jeusi, mtandio umezungushwa shingoni kuficha tundu. Mama anauliza, yeye anajibu kwa kumbonyeza kiganja: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Maswali mengine yote mama aliacha kuyauliza, na hilo lilimuuma Najma kuliko mshono. Mama Jasvanti alipoomba ile sauti ya simu aiweke kwenye spika ya duka, Najma alimpa yote. Ilikuwa sauti ya kuuzia vitenge, basi na iuze vitenge.

Jumamosi moja, saa kumi alasiri, alikuwa anafagia kibarazani alipoona shati jeupe linaingia uani. Akauinua ufagio.

"Nipige, lakini kwanza andika," alisema Kitwana, akimnyooshea simu. Alikuwa amekonda. "Kila siku unanipigia kelele pale nje ya duka, kuanzia saa mbili hadi saa kumi na moja. Sijachomoa hata mara moja. Andika chochote, ubonyeze, halafu nitaondoka."

Najma aliinyakua simu. Akaandika kwa hasira, akabonyeza.

"Toka kwetu! Sitaki kukuona, umesikia?"

Ilitoka kavu, ya haraka, na kile kikwaruzo kidogo mwishoni ambacho hakuna mashine ingekibuni. Ufagio ulimponyoka.

Ndani, nyuma ya pazia, mama yake alipaza sauti. "Najma! Adabu gani hiyo ya kupokea wageni?"

Kisha vishindo, mkono ukipapasa ukuta kwa pupa, na mama akatokea mlangoni bila hata ushungi kichwani.

"Najma? Mwanangu, ni wewe umesema?"

Kitwana alimsogelea. "Shikamoo mama. Ni yeye. Jumbe mia mbili na kumi na moja alinitumia, zote ninazo. Nimepata programu nyingine, hii haitaki mtu asome, inataka uisikilizishe mtu anavyoongea. Nimekaa wiki sita nikizisafisha moja moja, natoa kelele za sufuria na jogoo wa jirani."

Najma aliandika: "Zote ni matusi."

"Ndizo ulizonitumia. Nimetafuta hata moja ya upole, sikupata. Kwa hiyo haijui kusema kwa upole, na sina la kufanya."

Najma alimkaribia mama yake, akamshika mkono, akaandika kwa ule mwingine. Simu ikasema kwa ukali, kama mtu aliyekanyagwa mguu, "Shikamoo mama!"

"Marahaba," mama alisema, huku analia na kucheka. "Marahaba mwanangu, marahaba. Mbona umekasirika hivyo? Sema tena."

Akasema tena. Akasema mara tano, na mara zote tano mama aliitikia.

Kitwana alisimama pale uani hajui aweke wapi mikono. "Najma, nilikudanganya. Niliona unaumia nikaogopa, nikakuachia uumie zaidi. Sitakudanganya tena." Akamgeukia mama. "Mama, kama utaniruhusu, nataka wazee wangu walete barua ya posa hapa."

"Mimi usiniulize," alijibu mama, akijifuta macho kwa pindo la kanga. "Muulize mwenyewe. Leo ana mdomo wake."

Najma alimtazama yule mwongo na shati lake lililonyooka. Hasira ilikuwa bado ipo, yote, na upendo ulikuwa upo vilevile, na hakuona sababu ya kungoja kimoja kiishe. Aliandika kwa muda mrefu, akafuta, akaandika upya, akapandisha sauti ya simu hadi mwisho, akabonyeza.

"Mwongo mkubwa wewe, mpuuzi, mchomoa plagi za watu! Barua iletwe Ijumaa baada ya swala, na ole wako wazee wako wachelewe!"

Majirani walichungulia madirishani kuona nani anatukanwa. Kitwana alisimama mdomo wazi, hajui kama amekubaliwa au amefukuzwa.

"Amekubali," mama alimwambia. "Ndivyo anavyosema huyu."