Mawe Kumi Kutoka Mgodini

Tekla, mama wa Modest, alikuwa akipepeta mtama nje ya nyumba yake wakati Bwana Abasi alipofika na sanduku la mbao. Ilikuwa mwaka 1975, katika kijiji kimoja cha ujamaa kaskazini ya Tabora. Wanakijiji walichimba dhahabu kwa pamoja, na Lugembe, mume wa Tekla, alikuwa mmoja wa wachimbaji.

Abasi alikuwa fundi wa maabara ya serikali, mtu wa Cheyo, mjini Tabora. Alitaka mawe kumi kutoka katika nguzo za mgodi. Nguzo ni mwamba unaoachwa bila kuchimbwa ili ushikilie dari. Alisema mawe hayo yatapimwa nguvu, na wachimbaji wakamtolea.

Tekla hakuamini hata neno moja. Jiwe ni jiwe, lina nguvu gani ya kupimwa? Mbona kila jiwe aliliandika namba kwa rangi nyekundu? Mbona alisema atayafunga kwa kitambaa na kuyapaka nta, kama dawa za mganga? Jirani yake, Marcelina, alisema wazi kwamba mawe yale yana dhahabu ndani, na mgeni anaiba mchana kweupe.

Mawe yaliwekwa ghalani kwa Tekla. Abasi akaenda mjini kutafuta nta. Hapo Tekla akafanya jambo la kijinga, nalisema bila kumwonea. Aliokota mawe kumi kilimani, ya rangi ileile, akayaweka mahali pa yale ya mgodini. Kopo la rangi lilikuwa palepale. Namba alikuwa amejifunza juzijuzi katika darasa la watu wazima, basi akaandika moja hadi kumi, vizuri kabisa. Mwalimu angempa alama zote.

Baada ya wiki sita Abasi alirudi na majibu. Aliwaeleza wanakijiji kwamba maabara hukata jiwe liwe na umbo la kopo. Kisha mashine hulikandamiza polepole mpaka lipasuke, na kuonyesha mzigo lilioubeba. Mawe haya yalikuwa magumu sana. Nguzo zingeweza kupunguzwa, na dhahabu iliyomo ichimbwe. Watu wakapiga makofi. Lugembe akapangiwa kuanza Jumatatu.

Tekla hakupiga makofi. Alimfuata Abasi kwenye gari.

"Bwana Abasi, kama jiwe si la mle mgodini, inakuwaje?"

"Majibu hayafai kitu, Mama Modest. Mawe yanaweza kufanana rangi, lakini lile la chini limekaa na maji, tena lina nyufa. Huenda likapasuka kwa nusu ya mzigo. Ndiyo maana napaka nta, unyevu usitoke."

"Na nguzo ikipunguzwa?"

"Dari inawaangukia walio chini."

Tekla alimtazama usoni. Labda ameshajua, anamtega tu. Aliogopa kufungwa. Kisha akamwona Lugembe kule mbele, anacheka na wenzake, sururu begani.

"Niliyabadilisha mimi," alisema. "Nilidhani unatuibia."

"Niliona mawe ni makavu mno," Abasi alisema. "Sikuuliza. Hilo ni kosa langu."

Kijiji kikaambiwa yote, kazi ya Jumatatu ikaahirishwa na mawe mapya yakatolewa, na safari hii Tekla na Marcelina walisimama pale pale, wakikodoa macho, mpaka la mwisho likapakwa nta. Majibu yalikuwa mengine kabisa. Mawe yalipasuka kwa chini ya nusu ya mzigo. Tena Abasi alieleza kwamba mwamba mkubwa una nyufa nyingi kuliko kipande kidogo, kwa hiyo nguzo lazima iachwe nene zaidi. Njia ya zamani mle mgodini, aliyokuwa aanzie Lugembe, nguzo zake zilikuwa nyembamba tayari. Ikafungwa kwa magogo. Wachimbaji walinung'unika. Lugembe aliona aibu mbele ya kijiji kizima kwa kosa la mkewe, na nyumbani alimjibu kwa mkato.

Mwezi wa tatu mvua ilinyesha siku nne. Mchana mmoja ardhi ikatetemeka. Njia iliyofungwa ilikuwa imeporomoka yote. Kwingineko nguzo nene zilisimama, na wachimbaji wote kumi na wawili wakatoka wazima.

Lugembe alirudi nyumbani, akakaa jikoni na vumbi lake.

"Mama Modest," alisema, "nilikuwa nimeapa nisikusamehe mpaka mavuno."

Tekla alipakua ugali.

"Nipe maji ninawe, tule."