Teke la Ng'ombe na Mgongo wa Jeki

Asubuhi hiyo Tulinagwe alikuwa anakama ng'ombe nyumbani kwake Kisondela. Jeki, mbwa wao, akapita nyuma ya ng'ombe. Ng'ombe akarusha teke. Jeki akatupwa hadi kwenye migomba, akalia kwa uchungu.

Alijaribu kusimama. Miguu ya nyuma ikayumba. Tulinagwe alipomgusa kiunoni, Jeki alimwonyesha meno. Hakuwahi kufanya hivyo kabla.

Erasto, mumewe, alitoka ndani na vidonge vya diklofenaki, dawa yake ya magoti.

"Mchanganyie kwenye uji," alisema. "Maumivu ni maumivu."

Tulinagwe akaponda viwili, akakoroga, akaweka bakuli chini. Lakini moyo ulisita. Akampigia simu Prisca, daktari wa mifugo wa Tukuyu, akamweleza.

"Ameshakula?" daktari aliuliza kwa sauti kali.

"Ndiyo kwanza ananusa."

"Mama, mnyang'anye! Dawa hizo zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kuua figo. Mlaze kwenye ubao, asitembee. Nakuja."

Tulinagwe akalivuta bakuli. Jeki akanguruma.

Walisubiri saa nzima. Mvua ilinyesha. Jeki alitetemeka, akihema mbio mbio. Hatimaye daktari akafika kwa pikipiki, matope hadi magotini.

Kwanza alimfunga Jeki mdomo kwa kipande cha kitenge. "Hata mbwa mpole akiumia anang'ata," alisema. Kisha akambana kidole cha mguu wa nyuma wa kulia. Jeki akauvuta. Akabana cha kushoto. Mguu haukusogea.

"Amekwisha?" Erasto aliuliza.

Daktari akabana tena, kwa nguvu. Mguu ukasogea kidogo.

"Anahisi," alisema, akashusha pumzi. "Asingehisi, tungemkimbiza hospitali ya mifugo leo leo."

Alinyoa manyoya mgongoni, akasafisha ngozi, akatoa sindano.

"Mshikeni, asitikisike hata kidogo. Dawa hii naiweka hapa hapa panapouma, kando ya uti wa mgongo, ipunguze uvimbe. Msijaribu wenyewe. Sindano ikikosea njia, mbwa anapooza."

Erasto alishika kwa mikono miwili. Jasho lilimtoka. Sindano ikaingia, ikatoka.

"Angekuwa amekula vile vidonge, nisingemchoma leo," daktari alisema. "Dawa hizi zikikutana, tumbo linavuja damu."

Erasto akainamisha kichwa.

"Sasa sikilizeni. Maumivu yataisha kabla mgongo haujapona. Akipata nafuu atataka kukimbia, na hapo ndipo atajiumiza zaidi. Mfungieni kwenye banda dogo wiki nne. Atoke kujisaidia tu, kwa kamba."

Siku ya tatu Jeki alianza kukwaruza mlango wa banda. Erasto akashika komeo.

"Amepona huyu. Nimfungulie."

"Baba Neema, daktari alisema wiki nne!" Tulinagwe alimwambia mumewe.

Mkono wa Erasto ulibaki pale pale. Jeki alilia. Mwishowe Erasto akaliachia komeo, akakaa chini mlangoni. "Tulia, baba," alimwambia mbwa. "Tulia."

Wiki nne zilipopita, daktari alirudi. Akabonyeza mgongo. Jeki hakulia. Akatembea polepole uani, mguu wa kushoto ukiburuta kidogo tu, akafika kwa Tulinagwe na kuegemeza kichwa gotini kwake.

"Ndaga, asante sana, daktari," Erasto alisema. Akatoa simu yake. "Nitajie namba yako. Safari nyingine nitakupigia mimi, kabla sijagusa dawa yoyote."