Vumbi la Kila Ijumaa

Kila Ijumaa asubuhi, kabla baba yake hajaenda msikitini, Sumaya alifagia ua mpaka pasibaki hata jani. Kisha alimwaga makombo ya wali chini ya ukuta, na shomoro wakashuka kutoka paani kwa makelele. Ulikuwa mwaka wa 1997. Nchi jirani zilikuwa zimefunga biashara na Burundi, na betri mpya za magari hazikuonekana Bujumbura. Massoudi, baba yake, alipasua kwa nyundo betri kuukuu tatu pale uani ili apate moja nzima, na wateja walitoka hata Kajaga, nje ya mji, kumtafuta.

Lakini shomoro walikuwa wanakufa. Waliyumba, mabawa yakalegea, wakaanguka. Ijumaa hiyo Sumaya aliokota wa saba, jike aliyekuwa karibu kutaga. Damu ilimchemka. Alipanda juu ya jiwe, akachungulia kwa jirani, akamwona Valéry, mwenzake wa darasa la sita, ana manati shingoni.

"We Valéry! Muuaji! Ni we unaua ndege zangu!"

Siku zile za vita neno kama hilo halikuwa la mchezo. Kuna majirani waliohama kwa maneno madogo kuliko hayo. Valéry alitupa manati chini kwa hasira.

"Mi sijaua hata moja! Kuja uone kwetu, kisha utaniomba pardon!"

Sumaya alizunguka kwa mlango, amefura, ndege mfu mkononi. Uani kwa kina Valéry shomoro walijaa, wazima, wakigombana. Mama yake Valéry, Daphrose, muuguzi wa zahanati, alikuwa akiwapondea kuku maganda ya mayai na vichwa vya ndagala, dagaa wa ziwani, na shomoro wakiiba humo bila haya. Alimpokea Sumaya yule ndege, akamtazama, kisha akatazama vumbi la kijivu kwenye miguu ya msichana.

"Mwanangu, mu vumbi ya betri muko risasi, madini yenye sumu. Ndege wote wanaidonoa, hata hawa wangu. Lakini mwili ukikosa chokaa, ile inajenga mifupa na ganda la yai, unaipokea risasi mbio. Hawa wanapata chokaa hapa. Wako unawashibisha wali mutupu."

"Kwa hiyo hawa wamepona, Mama Valéry?"

"Apana. Wamechelewa tu kuugua. Chokaa inapunguza sumu, haiifukuzi."

Hapo Sumaya akamkumbuka Houda. Mdogo wake alikuwa na miaka miwili, alicheza kwenye vumbi lile lile na kulamba vidole. Ndagala alizitema, basi nyumbani wakamwachia uji wa muhogo na chai. Wiki mbili sasa alikuwa analia tumbo. Sumaya alimpokonya Daphrose yule ndege, akakimbia.

Massoudi alikuwa tayari amevaa kanzu.

"Baba, betri zako zitamuua Houda!"

"Nyamaza! Ua wangu ni safi kuliko zote za quartier, mtaa muzima. Kila Ijumaa tunafagia. Usafi ni nusu ya imani."

"Ufagio huo ndio unarusha sumu!"

Mtoto hamkaripii baba yake, hilo Sumaya alilijua vizuri. Lakini alimweka shomoro juu ya meza ya kupasulia betri, machozi yakimtoka. "Huyu ni wa saba, Baba. Unangoja wa nane awe nani?"

Massoudi alinyanyua mkono, kisha akaushusha. Houda alikuwa ameketi chini ya meza, kidevu chote kijivu. Daphrose alipofika na kueleza, Massoudi alimsikiliza mpaka mwisho.

Baada ya sala alihamishia betri kwenye banda lililo mbali na nyumba za watu. Alimwagia ua maji vumbi lisipae, akachota udongo wa juu, akaufungia kwenye pipa. Houda alipelekwa zahanati, na uji wake ukaanza kutiwa ndagala zilizopondwa. Baada ya miezi kadhaa tumbo liliacha kumliza.

Lakini jioni ile ile ya Ijumaa, Massoudi alimshika Sumaya mkono, wakaenda kwa jirani. Sumaya alimwomba Valéry msamaha mbele ya mama yake. Kisha Massoudi akasema, macho chini:

"Watoto, kikulacho ki nguoni mwako. Chakula kibaya kinafungulia sumu mulango, lakini kuna mutu aliyeileta hapo mulangoni. Tulimutafuta muuaji kwa jirani. Nyundo nilikuwa nimeishika mi."