Nambua na Birika la Wageni

Nambua ni msichana mdogo anayeishi mlimani, kwa Wapare. Kwao wageni huja kila Jumapili.

Nambua ana hali inayoitwa sindromu ya Down. Mikono yake hujifunza taratibu. Ulimi wake nao hauna haraka. Lakini kwa kucheka, hana mpinzani!

Wageni wakifika, kaka yake Mbonea huleta birika na beseni. Huwamiminia maji wanawe mikono kabla ya kula. Chiriri, chiriri, chiriri.

"Asante, baba," wageni humwambia.

Nambua husimama mlangoni akitazama. Anatamani. Anatamani sana!

"Na mimi, Mama?"

"Bado, mwanangu. Birika ni zito."

Nambua akachukua kopo lake. Akaenda kuwanawisha kuku.

"Karibuni mnawe!"

Kuku wakatimua mbio. Kwe-kwe-kwe!

Akaunawisha mgomba. Chiriri, chiriri, chiriri. Mgomba haukukimbia. Lakini haukusema asante.

Jumapili nyingine ikafika. Wageni wakaja.

"Na mimi, Mama?"

"Bado, mwanangu. Utamwaga."

Nambua akarudi kwenye mgomba wake. Akaumiminia maji tena. Alilia kidogo. Alitaka mikono ya watu.

Jumapili iliyofuata akaja Babu Senzia. Alipanda mlima wote kwa kandambili. Miguu yake ilijaa vumbi.

Chakula kikaiva. Mbonea akaenda kuchukua birika. Halikuwepo!

Nambua alikuwa amelikumbatia.

"Na mimi, Mama?"

"Bado, mwana..."

"Bado inaisha lini?" akauliza Nambua.

  

Mama akamtazama Nambua. Akalitazama birika.

"Imeisha leo," akasema Mama. "Mbonea, mshikie mdogo wako beseni."

Nambua akapiga goti mbele ya Babu.

"Karibu... unawe... Babu."

Birika likayumba. Mwaaa! Maji tele kwenye miguu ya Babu!

Nambua akainamisha kichwa. Je, bado itarudi?

Babu akaitazama miguu yake iliyolowa.

"Loo! Miguu nayo ilikuwa na hamu ya kuoga!" akasema. "Haya, mjukuu wangu. Sasa mikono."

Nambua akashika birika kwa mikono miwili. Akavuta pumzi. Akainamisha birika taratibu, taratibu.

Chiriri, chiriri, chiriri.

Maji yakatua kwenye mikono ya Babu.

"Asante, mama," akasema Babu.

Asante hiyo ilikuwa ya Nambua! Akacheka. Mbonea akacheka. Babu akacheka mpaka kofia ikaanguka.

Jioni, Babu alikwisha kwenda zake. Mama akakaa jikoni ili naye ale. Mama hula mwisho siku zote. Na siku zote hujimiminia maji mwenyewe.

Leo akanyoosha mikono yake.

"Na mimi, Nambua?"

"Bado, Mama," akasema Nambua.

Mama akasubiri, mikono hewani.

Nambua akacheka, akacheka! Kisha akainua birika.

Chiriri, chiriri, chiriri.

"Asante, mwanangu," akasema Mama.

Nambua akaenda kulala. Na birika? Lililala karibu na kitanda chake, likingoja Jumapili.