Ndege wa Kigeni Katika Ngitili ya Generosa

Ndugu zangu wa Samuye, ngitili ya marehemu Mabula mnaijua: ule msitu uliofungwa miaka mingi ili ng'ombe wasikose malisho kiangazi. Kila asubuhi kanga walilia humo, na mjane wake, Generosa, aliokota kuni pamoja na mjukuu wake Wema, mtoto wa miaka sita. Hawakuwa na makuu, lakini walilala kwa amani.

Kisha akaja Valerian, mnunuzi wa dhahabu kutoka Geita. Alitaka mahali pa kuwinda na rafiki zake. Akamwambia Enock, baba yake Wema:

"Nitaleta ndege wa kigeni, wakubwa, wenye mikia mirefu. Wazaane humu. Wewe utakuwa mlinzi wao."

"Na kibali?"

"Kibali niachie mimi."

Generosa alikataa. "Mwanangu, ndege hao hatuwajui. Hatujui wanakula nini wala wanaugua nini."

"Mayu, dunia imebadilika," Enock akamjibu mama yake. Pikipiki aliyoahidiwa ilikuwa imeshamjaa kichwani.

Ndege wakaletwa kwenye matenga. Maskini, hawakujua kujificha, na mayai yao waliyataga peupe. Nguchiro wakayala, na makinda pia. Valerian akaja juu: "Nisipokuta ndege wa kuwinda, huna kazi!"

Basi Enock alinunua mayai ya kuku sokoni Tinde, akayatia sumu, akayatega majanini ili awaue nguchiro. Nyumbani hakusema neno. Alijua mama yake angekwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji. Jamani, mtu anaogopa ugomvi wa siku moja!

Siku ya tatu, akiokota kuni, Generosa alikuta mayai manne kwenye nyasi. Akadhani kuku wake ametagia porini. Akayachemsha, akampa Wema mawili, mawili akamwekea mkwewe Salome, mama yake Wema, aliyekuwa shambani.

Enock aliporudi alimkuta mtoto anatokwa povu, miguu inatetemeka. Akaona maganda. Akaona na yale mawili bakulini. Akajua ni yale aliyoyatega. Alimbeba Wema kwa pikipiki mpaka zahanati, akamnong'oneza daktari ukweli. Lakini saa zilikuwa zimepita. Wema akafia mikononi mwake.

Msibani Generosa hakula. "Nimemuua mjukuu wangu," alirudia. "Nimempikia mwenyewe."

Kwa siku mbili Enock alimsikia, akanyamaza. Siku ya tatu akapiga magoti mbele ya mama yake na mkewe.

"Mayu, si wewe. Mayai yale niliyaweka mimi."

Salome alipiga yowe. Generosa akamgeukia mwanawe.

"Nimekuzaa, siwezi kukukana," alisema. "Ila uliniacha siku mbili nikijiita muuaji. Leo usiniite mayu."

Enock alikwenda polisi mwenyewe. Valerian alipopigiwa, simu haikupatikana. Ndege wake wote wamekwisha kwa ugonjwa tusioujua, na kanga wetu, walioambukizwa, tuliwaokota wamekufa vichakani. Salome amerudi kwao.

FUNZO

Msitu wetu si uwanja wa mchezo wa mwenye fedha. Mnyama au ndege asiye wa kwetu asiachiwe porini kabla ya wataalamu na kijiji kizima kukubali. Na wewe uliyeajiriwa kufanya jambo usiloweza kumweleza mama yako, liache leo. Ukimficha aliye nyumbani, atakayeumia ni huyo huyo.