Useme Uko wa Nyantende

Walikutana Nyawera sokoni, pale vitabu vya zamani vinapotandazwa chini, asubuhi ya mvua. Priscille alivaa robe ya manjano, viatu mkononi kwa ajili ya matope, akisoma wima bila haya. Hugues, mwalimu wa sekondari, akamchungulia begani.

"Hicho nakijua. Mweusi anashitakiwa bure, avoka mzungu anamuokoa."

"We papa, umeniharibia mwisho!"

"Basi nikununulie kingine, maman."

Akamnunulia, na mapenzi yakaanza hapo, pamoja na ugomvi. Kila jioni kwenye simu ni vitabu hivyo viwili tu. Katika kile cha kwanza, avoka anawaambia majaji: huyu si kama weusi wenzake, amelelewa kwa wazungu. Mtu anaachiliwa. Katika cha pili, mfua nguo anakataa kutetewa hivyo. Anataja jina lake, kijiji chake na mama yake, kisha anafungwa.

"Wa kwanza alirudi kwake muzima, chérie! Hiyo njo haki!"

"Alirudi kwa kukana ndugu zake. Ile ni huruma, Hugues. Haki haiko vile."

Jumamosi moja Hugues akapiga simu, sauti chini.

"Kesho maman yangu anataka kukuona. Lakini bébé... akikuuliza kwenu, useme uko wa Nyantende, hapa karibu na mji."

Jamani, mwanaume huyu! Priscille ni mzaliwa wa Minembwe, kule milimani. Mjini watu huikodolea macho pua yake, humwita mgeni, humuuliza atarudi nchi yao lini, na babu yake amezikwa Kongo hii hii.

"Kumbe wewe njo ule avoka wa kitabu."

"Ninakupenda! Nataka tu wakukubali."

"Wamukubali nani?" Akakata.

Hugues alipiga tena na tena, Priscille hakushika. Lakini Jumapili alikuja, amevaa kikwembe cha bluu, kichwa juu. Alikuja kwa sababu alimpenda, na hilo lilimkasirisha zaidi.

Maman Marie-Louise aliandaa bugali na sambaza, samaki wadogo wa kukaanga, akatabasamu.

"Karibu, binti yangu. Hugues ananiambia uko wa Nyantende. Kwa nani pale?"

 Priscille alimgeukia Hugues, akamtazama, wala hakumsaidia hata kidogo. Jasho likamtoka Hugues kwenye shati lake jeupe.

"Maman, nilikudanganya. Huyu iko wa Minembwe. Nataka nimuoe, na ng'ombe wa mahari tutapeleka kule kwao."

 Mama akainuka, akachukua sahani ya sambaza, akarudi nayo jikoni na kufunga mlango.

"Nimeshindwa kesi," Hugues akanong'ona.

"Umeshindwa kabisa, mupenzi." Machozi yalikuwa yakimtiririka Priscille. Akamega bugali kavu, akampa nusu. "Kula. Tutamungojea hapa hapa mupaka atoke."